Maji taka yakirudi ndani ya nyumba: niliyojifunza usiku mmoja Mwanga, Kigoma

Kabla sijaona kitu nilisikia tundu la maji bafuni linakoroma. Ulikuwa usiku wa Novemba, mvua imeshika tangu magharibi, nikadhani ni maji ya mvua tu. Nilipowasha taa, maji meusi yalikuwa yamejaa bafu zima, yamebeba karatasi na povu la mafuta, yanavuka kizingiti kuja koridoni.

Nikavua kandambili zisichafuke, nikaingia peku na dekio mkononi. Nilikuwa na mchubuko kisiginoni, wala sikuukumbuka. Siku ya tatu mguu ulivimba, nikaenda zahanati wakanichoma sindano ya pepopunda na kunipa vidonge vya kumeza wiki nzima. Ndiyo maana nawaomba, ndugu zangu: dakika tano za kwanza msiguse kitu. Toa watoto kwanza. Acha kumwaga maji popote ndani, hata ya kuosha vyombo, kwa sababu kila ndoo unayomwaga inarudi hapohapo bafuni. Kama ekstensheni iko sakafuni, zima umeme kwenye swichi kubwa, lakini usikanyage maji kuifuata. Kisha vaa gambuti, glavu za mpira, na kitu cha kukinga macho na mdomo, maana ukifagia kwa nguvu yanaruka usoni.

Shangazi yangu wa Ujiji alifika alfajiri, akanikuta nimemwaga chupa nzima ya jiki juu ya uchafu ule, nasubiri iue vijidudu. Akaniambia, "Mwanangu, unaua nini hapo? Dawa yote inaliwa na mavi." Alikuwa na haki kabisa. Klorini iliyo ndani ya jiki ikikutana na kinyesi na tope inaishia hukohuko kabla haijafanya kazi yake. Utaratibu ni huu: zoa uchafu mzito kwa koleo, uweke kwenye ndoo na kuurudisha chooni kama choo kinapokea, la sivyo ufukie mbali na kisima. Halafu sugua sakafu na kuta kwa maji ya sabuni, kuanzia sehemu safi kwenda kwenye chafu. Suuza. Hapo ndipo jiki inaingia. Soma chupa: ile ya asilimia 3.5 unachanganya kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, upate nguvu ya asilimia 0.5. Lowesha sakafu, ukuta hadi juu kidogo ya alama ya maji, vitasa na miguu ya viti. Iache ikae, isiwe chini ya dakika kumi. Mimi huacha nusu saa, madirisha wazi.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Mdogo wangu, kwa nia njema, alikuja na ile dawa kali ya choo yenye asidi akaimimina palepale penye jiki. Hewa iliyotoka ilimkaba, akatoka nje akikohoa machozi yanamtoka. Ile ni gesi ya klorini, na katika bafu dogo lililofungwa inaua. Jiki usiichanganye na kitu kingine zaidi ya maji.

Kilichoniuma kuliko vyote ni dagaa. Nilikuwa nimenunua kiroba Kibirizi, wakavu, weupe, wa kupeleka sokoni Jumamosi, nikakilaza koridoni juu ya mfuko wa nailoni. Maji yalipanda kiasi cha vidole vitatu. Sehemu ya juu ilikuwa kavu kabisa, inanukia ziwa. Nilichota kiganja, nikamwambia shangazi kwamba hawa wa juu ni wazima, na wa chini nitawaosha niwaanike tena. Hakunijibu. Alishika kona ya chini ya kiroba akaikamua, maji meusi yakachuruzika kwenye vidole vya glavu yake, kisha akanionyesha jinsi unyevu ulivyokuwa umepanda ndani, nyuzi kwa nyuzi, kupita ule mstari niliouona kwa nje. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba. Mtaji wangu wa wiki mbili ulifukiwa nikiutazama, nikalia.

Chakula kilichoguswa na maji hayo hakiokolewi, iwe unga, maharage au mchele, hata kama mfuko umelowa upande mmoja tu. Godoro la sponji nalo litupe, na mkeka. Nguo zinapona: zifue peke yake kwa sabuni, zichemshe, zianike juani. Vyombo vya bati na plastiki ngumu navyo vinapona. Kisima kifupi kilicho karibu kiacheni kwanza hadi bwana afya akiangalie na kitiwe dawa.

Kisha angalieni watu. Kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpeni maji ya chumvi na sukari huku mkimkimbiza hospitali: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msingoje asubuhi.

Mvua ilipokata, fundi alifungua chemba, kile kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya maji taka hukutana. Ndani kulikuwa na vitambaa, pedi, na mafuta ya mawese yaliyoganda kama sabuni, yote ya kwetu. Lakini kilichoijaza usiku ule ni bomba la maji ya paa, ambalo aliyejenga nyumba aliliunganisha kwenye chemba ileile ya choo. Paa zima lilikuwa linamwagika chooni. Jirani mmoja alinishauri nitoboe shimo la choo ili maji taka yateremke na mtaro. Nikakataa. Sisi tuko mlimani. Anayeoga na kuosha sufuria ziwani kule chini angeyapokea. Wala usimruhusu kijana yeyote ashuke shimoni kuzibua, hata kwa kamba. Hewa ya mle ndani inamwangusha mtu kabla hajaomba msaada, na anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake.

Gari la kunyonya sasa naliita Septemba, ardhi ikiwa kavu. Shimo likitolewa maji yote wakati udongo umelowa, kuta zake zaweza kubomoka. Bomba la paa nimelihamishia kwenye pipa. Nyuma ya mlango wa jikoni inaning'inia ndoo yenye gambuti, glavu, koleo dogo, sabuni na jiki, ambayo naibadilisha kila mwaka kwa kuwa inapungua nguvu ikikaa. Na viroba vya dagaa vinalala juu ya kichanja cha mbao, kimo cha goti kutoka sakafuni.