Tofauti ya "must" na "have to" kwa wapandisha wageni

Mdogo wangu, umeuliza kama "must" na "have to" za Kiingereza, zote maana yake "lazima", ni kitu kimoja, maana unapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kwenye sentensi za kukubali zinakaribiana mno, wala usijisumbue. Balaa lipo kwenye kukanusha. Mifuko ya plastiki ni marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo mgeni mwambie "You mustn't bring plastic bags", yaani hairuhusiwi kabisa. Ukisema "You don't have to bring plastic bags", anaelewa si lazima aje nayo, ila akitaka ruksa. Halafu wanamkagua getini, lawama kwako! Habari ya kunywa maji, "should" inatosha, ni ushauri tu. "You must drink" kwa mzee aliyelipa dola zake inasikika kama amri ya jeshini.