Jibu: Habari za kila mwezi za mitihani ya India hazikai kichwani

Salaam ndugu. Nimekuelewa: binamu yako wa Ahmedabad anakusanya muhtasari wa habari za kila mwezi, daftari limejaa, lakini ukimpima hakumbuki kitu.

Kwanza muulize anafanya mtihani upi. Ile ya SSC (tume inayoajiri watumishi wa serikali wa ngazi za kati na chini) na ya benki hupenda maswali ya moja kwa moja: nani kateuliwa, mkutano ulifanyika wapi. UPSC (tume inayochagua maafisa wa juu wa serikali) hutumia habari kama mlango tu, halafu huchimba kilicho nyuma yake. Chukua mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, uliofanyika New Delhi, Septemba 2023. Wa SSC akishika mji, na kwamba Umoja wa Afrika ulipewa uanachama wa kudumu, inamtosha. Wa UPSC aende mbali zaidi: G20 ilizaliwa 1999 baada ya msukosuko wa fedha wa Asia, haina sekretarieti ya kudumu, uenyekiti huzunguka.

Shemeji yangu wa Pune nilimwambia kila habari aiandike mistari mitatu kwa maneno yake, akitoa kwenye taarifa za PIB, ofisi ya habari ya serikali ya India. Hivyo vitabu vya muhtasari (vingi vinarudia mambo yaleyale) afungue baadaye, kuangalia alichoruka. Na binamu yako asibahatishe ovyo: mchujo wa UPSC hukata theluthi ya alama za swali kwa kila jibu baya.