Maswali ya Wasomaji: Beringi za Mbele kwenye Magari ya Zamani Yenye Malazi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970 ambayo wenyewe wa awali waliifunga kitanda, kabati na jiko dogo la gesi, nami nakusudia kuitumia na familia yangu kwa safari za Kasulu, Uvinza na, Mungu akijalia, Tabora. Gari likivuka mwendo wa kilomita 50 kwa saa hunguruma upande wa mbele. Fundi mmoja aliikaza nati ya gurudumu la kulia mpaka kelele ikapungua, lakini niliporudi kutoka Uvinza habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Anasema gari kuukuu halina budi kubadilishiwa beringi zote kila mwaka. Je, ni kweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Tunakuomba usiliendeshe gari hilo mpaka habu ifunguliwe. Fundi wako aliinyamazisha beringi kwa kuibana, na huko kuibana ndiko kulikoleta moto. Kila gurudumu la mbele la Kombi yako lina beringi mbili za rola zenye umbo la pia, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje, nazo zinahitaji nafasi ndogo sana ya kuhema, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na beringi iliyokazwa kupita kiasi huikamua grisi yote kutoka kati ya rola na njia yake. Nafasi inayotakiwa kwenye Kombi ni kati ya milimita 0.03 na 0.12, yaani kama unene wa unywele mmoja au zaidi kidogo, na ndiyo maana haipimwi kwa nguvu za mkono unaovuta spana.

Kabla ya kufungua, hakikisheni kwanza kwamba tatizo ni beringi kweli. Pigeni jeki, wekeni stendi, kisha mtu alishike gurudumu juu na chini alitikise. Likicheza, mwingine akanyage breki huku gurudumu likiendelea kutikiswa: mchezo ukitoweka, ni beringi, ukibaki, tazameni boljointi, yaani viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu, maana Kombi za kizazi hicho hazina kingpini (pini za kugeuzia gurudumu) kama zile zilizotangulia. Mngurumo nao husema jambo. Mkikata kona ya kushoto uzito huegemea kulia, basi kelele ikizidi wakati huo, mara nyingi mwenye kosa ni gurudumu la kulia.

Mnapofungua, kumbukeni kwamba nati ya gurudumu la kushoto imekatwa kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine zote hukazwa. Stabu nyingi, yaani ekseli fupi zinazobeba magurudumu, zimeharibiwa na mtu mwenye haraka na bomba refu juu ya spana. Nati yenyewe hubanwa na skrubu ya alenki (yenye tundu la pembe sita), ambayo ni lazima ilegezwe kwanza.

Beringi ikishatoka, ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, ikaushwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, wala isizungushwe kwa upepo wa kompresa, kwani rola hupata mwendo wa hatari zikiwa kavu. Sasa itazameni juani, polepole, rola moja moja. Rangi ya kijivu iliyo sawasawa si ugonjwa. Beringi ya namna hiyo inaweza kuwa na miaka mingi na bado ikawa bora kuliko mpya ya bei nafuu iliyo dukani. Rangi ya samawati au kahawia ya kuungua, vishimo vinavyokwaruza ukucha, au magamba yaliyobanduka kwenye njia ya rola, hayo ndiyo ya kutupwa. Kwa kuwa yako ilipata moto mkali, tunahofu mtaikuta ya samawati. Kubadilisha zote kila mwaka bila kutazama ni kumtajirisha muuza spea, na kila mara kikombe, yaani pete ya nje ya beringi, kinapogongwa ndani ya habu, tundu lake huzidi kulegea.

Ikibidi kununua, nendeni dukani na ile ya zamani, msome namba zilizochongwa kwenye chuma chenyewe badala ya zile za kwenye boksi, na mchukue rola pamoja na kikombe chake. Rola mpya kwenye kikombe kilichochakaa haitadumu. Kikombe kigongwe kwa kipande cha shaba, kidogo kidogo kwa kuzunguka, na sili, ile pete inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie, iwe mpya hata kama ile ya zamani inaonekana nzima.

Katika kurekebisha, kazeni nati huku gurudumu likizungushwa ili grisi na rola vikae mahali pake, kisha ilegezeni mpaka wosha iliyo nyuma yake iweze kusogezwa kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya kidole tu. Hapo funga alenki, kisha pima tena, kwa sababu kuifunga kwenyewe huweza kuisogeza nati.

SWALI: Gari langu la kulala safarini lililetwa Tabora juu ya behewa la treni, kisha likasimama uani kwa muda mrefu. Sasa magurudumu ya mbele yanazunguka kwa kukwama-kwama ingawa halijatembea. Beringi isiyotumika inaharibikaje?
Msomaji, Tabora Mjini

JIBU: Inaharibika vizuri tu, na magari ya aina hii huugua zaidi kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Juu ya behewa, uzito wote hutua kwenye rola zile zile za chini huku mtikisiko ukizisugua mahali pamoja bila kuzungusha, mpaka grisi inaondoka na kikombe kinapata alama zilizopangana kwa umbali ule ule wa rola. Kuegeshwa kwa muda mrefu huongeza kutu pale unyevu ulipoingia. Alama ambazo ukucha unazihisi hazirudi nyuma kwa grisi mpya, badilisha. Siku nyingine gari likikaa bila safari, lisogeze angalau mara moja kwa mwezi, au liweke juu ya stendi na kuyazungusha magurudumu kwa mkono.

SWALI: Je, naweza kuongeza grisi mpya juu ya ya zamani, na ni baada ya muda gani?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Usiongeze. Grisi ya lithiamu na ile iliyotengenezwa kwa udongo wa bentonaiti zikichanganyika hulainika na kuvuja hadi kwenye breki, na wewe hujui aliyetangulia alitia ipi. Osha yote, ujaze grisi ya beringi ya magurudumu, daraja namba 2, katikati ya rola kwa kuisukuma na kiganja mpaka itokeze upande wa pili, lakini usiijaze habu nzima, kwani inahitaji nafasi ya kutanuka. Kwa barabara zenye vumbi kama zenu tunaona kilomita 20,000 au mwaka mmoja panatosha, kutegemea kitakachotangulia. Lakini habu ya moto ikizama majini, hewa ya ndani hupoa, hujikunja na kuvuta maji kupitia sili. Ukivuka mto wenye maji ya kufika katikati ya gurudumu, au ukiliosha gari kwa kuliingiza ziwani mara tu baada ya safari, fungua habu wiki hiyo hiyo. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maji.