Tabibu wa Marine huandikishwa wapi?

SWALI: Binti yangu, tunaishi Ohio, Marekani, anataka kuwa tabibu wa Marine, wale askari wa Marekani wanaoshambulia kutoka baharini, vitani. Aende ofisi gani?

JIBU: Asiende kwa Marine, mama. Kwao hata mpishi hufunzwa kwanza kupigana kwa bunduki, lakini matabibu hawana. Marine hutibiwa na matabibu wa Jeshi la Wanamaji. Ajiandikishe Jeshi la Wanamaji, na asitie saini mpaka aone kwenye mkataba herufi HM, yaani kazi ya tabibu wa wanamaji (Hospital Corpsman). Ahadi ya mdomo haimfungi mwandikishaji, na hapo ndipo vijana huangukia kazi wasiyoitaka. Ataanzia mafunzo ya awali ya wanamaji Great Lakes, Illinois, kisha asomee utabibu San Antonio, Texas. Akipangiwa Marine, atapitia pia mafunzo ya uwanjani Camp Pendleton au Camp Lejeune. Ila mpangaji ni jeshi: anaweza kupelekwa hospitalini au melini.