Jibu: Krisanthemumu zimedumaa, je, jibirelini itazirefusha?

Umeuliza kama kupulizia jibirelini, homoni ya mimea inayorefusha shina, kutarefusha krisanthemumu zako za chunguni. Inategemea ufupi umetoka wapi.

Protini za DELLA ndizo breki ya shina. Jibirelini ikishikana na kipokezi chake, GID1, DELLA huvunjwa na seli hurefuka. Mmea unaweza kudumaa kwa upungufu wa homoni: jeni ya GA20ox inayoitengeneza imelegea, au GA2ox inayoizima imezidi. Huo utaitikia dawa. Lakini DELLA yenyewe ikiwa imebadilika na haivunjiki tena, hata umwage ndoo nzima, mmea hautasogea.

Jaribu mimea miwili mitatu kwanza. Yeyusha miligramu 10 za GA3, aina ya jibirelini, kwa spiriti kidogo, jaza maji hadi lita 1, pulizia jioni hadi majani yalowe bila kuchuruzika. Baada ya siku 7 hadi 10 pima nafasi kati ya vifundo vya juu. Usizidishe, mashina yatakuwa membamba na kulala.

Kama mimea uliipa paklobutrazoli, dawa ya kufupisha mimea, tegemea mwitikio pia, maana hiyo huziba utengenezaji wa homoni tu. Ila hukaa kwenye udongo wa chungu na kuendelea kuvutwa na mizizi. Daminozidi, dawa nyingine ya kufupisha, haina shida hiyo, hufanya kazi kupitia majani pekee. Siku ukitaka kufupisha, tumia unga wake wa asilimia 85, gramu 3 kwa lita ya maji, machipukizi yakiwa na sentimita 3 hivi, na usimwagilie juu ya majani kwa saa 24. Shina lililokwisha kurefuka halirudi nyuma.