Bili ilishalipwa na bima, wadai bado wanapiga simu

Dada, kama bima ilishalipia kulazwa kwako na hospitali bado imekupeleka kwa wakusanya madeni, usiwatumie hata shilingi mia kwa M-Pesa ati kuonyesha nia njema. Kulipa kidogo kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali deni. Hao wanaopiga simu hata bili yenyewe hawawezi kuirekebisha. Nenda kwa wahasibu wa hospitali, udai bili yenye kila dawa, kila kipimo na bei yake, uilinganishe na taarifa ya malipo kutoka kwa bima. Huenda kitu kimeandikwa mara mbili, au malipo yameingizwa kwenye namba ya mgonjwa mwingine. Kisha andika barua ya kupinga, nakala kwa wakusanya madeni, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, kesho wataapa hawakukuona! Wakikubali kosa, wakuandikie kwamba dai limeondolewa, halafu uangalie ripoti yako ya CRB, shirika linalotunza rekodi za mikopo na madeni ya watu. Wakianza kusumbua jamaa zako au bosi, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa pia haki ya kudai taarifa za uongo zisahihishwe.