Kabla Hujanunua Kifaa Kingine, Pandisha Gari Kwenye Daino

Farasi 97. Fundi alichomoa karatasi kwenye printa, akaniwekea mkononi bila kusema neno, akaenda zake kuzima feni.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet Glanza V, kale kadogo kenye injini ya 4E-FTE ya lita 1.3 na turbo, pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa ya ziada. Kiwandani lilitangazwa kwa nguvu ya farasi 135. Mimi nilikuwa nimeshalifungia sailensa pana, filta ya wazi ile ya umbo la pia, na valvu ya kupumulia inayopiga chafya kila ukiachia mafuta. Kichwani mwangu nilikuwa na farasi 150 na ushei. Nilikwenda kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, ili nipate karatasi ya kuwaonyesha marafiki, basi. Karatasi hiyo sikumwonyesha mtu kwa miezi miwili.

Sehemu ya aibu hiyo ilikuwa ya ujinga wangu tu. Namba ya kiwandani hupimwa kwenye injini yenyewe. Daino ya rola hupima kinachofika kwenye matairi, baada ya giaboksi, ekseli na matairi yenyewe kula sehemu yao. Kiasi kinacholiwa hutofautiana gari na gari, daino na daino, kwa hiyo mtu akikwambia "ongeza asilimia fulani upate za injini", mshukuru uendelee na shughuli zako. Lakini hata ukitoa kodi hiyo ya njiani, 97 ilikuwa chini mno. Kuna kitu kilikuwa kinavuja au kinachemka. Kwangu yalikuwa yote mawili.

La kuchemka lilionekana kwanza. Fundi alikuwa amechomeka kompyuta yake kusoma sensa za gari wakati rola zinazunguka. Hewa ya chumbani ilikuwa nyuzi 27. Hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa 58. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya filta yangu nzuri ya rangi nyekundu, akakiondoa haraka. "Kaka, umelifungia gari pua jikoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Filta ya wazi ilikaa nyuma ya rejeta, sentimita chache kutoka kwenye turbo, ikivuta hewa iliyokwisha kuokwa. Hewa ikipanda nyuzi 10 hupoteza takriban asilimia 3 ya uzito wake, na injini huchoma mafuta kulingana na uzito wa hewa inayopata, wala si ukubwa wa sauti ya kuivuta. Zidisha hiyo mara tatu uone nilichokuwa nimejinunulia. Siku ile ile tulirudisha boksi la filta la kiwandani, lenye mdomo unaochungulia mbele kwenye hewa baridi. Raundi iliyofuata: 103. Kifaa cha bure, kilichokuwa kimelala stoo mwaka mzima, kikaniongezea farasi sita.

La kuvuja lilihitaji jicho la kusoma mchoro. Watu wengi wakipewa grafu ya daino wanatafuta kilele tu, kama mtu anayesoma barua kwa kuangalia sahihi. Angalia umbo. Mstari wangu wa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ulipanda vizuri hadi mizunguko 4,500 hivi kwa dakika, halafu ukaanza kulala mapema, huku mstari wa busti (mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo) chini yake ukishuka nao. Turbo ikiwa ndogo, busti kushuka karibu na mwisho wa mizunguko ni kawaida, inaishiwa pumzi. Kushuka katikati si kawaida.

Kipimo chake ni rahisi kuliko unavyodhani. Tulifungua mpira unaoingia kwenye turbo, tukaziba mdomo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, tukaingiza hewa ya kompresa polepole hadi mgandamizo wa baa 0.7, kisha tukapulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Chini ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, mahali ambapo huwezi kuona bila kioo, povu likaanza kutoka kama sufuria ya maziwa. Klipu ilikuwa imekaa nusu juu ya ukingo wa bomba, nusu hewani. Na nani aliyeifunga? Mimi, siku ile ya kufunga valvu ya chafya. Tukaikalisha sawa, tukapata 111.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kupima gari kabla ya kununua chochote, likiwa kama lilivyo. Ningefanya hivyo, ningejua gari langu lilianza na ngapi. Sasa hivi sijui, na sitajua kamwe kama ile sailensa ilisaidia chochote zaidi ya kuwaamsha majirani.

Kuhusu siku ya kupima yenyewe, mambo machache nimeyalipia kwa pesa yangu.

Daino ni mizani ya kulinganisha gari na lenyewe. Ukihama daino umebadilisha mizani. Zipo za rola, zipo zinazofungwa moja kwa moja kwenye habu (kitovu cha gurudumu) baada ya kutoa matairi, zipo zinazopima kwa uzito wa rola tu na zipo zenye breki ya kubebesha injini mzigo. Kila moja itakupa namba yake, na hakuna inayokudanganya. Chagua moja, rudi hapo hapo, tumia gia ile ile (kwa magari mengi ya aina hii ni ya nne, kwa sababu uwiano wake uko karibu na moja kwa moja), na upepo wa matairi uwe ule ule. Kufunga mikanda inayoshikilia gari kwa nguvu tofauti tu kunaweza kusogeza namba, maana tairi linabanwa zaidi kwenye rola.

Uliza pia karatasi imesahihishwa kwa kanuni gani. Programu ya daino huchukua joto na mgandamizo wa hewa wa siku hiyo, ikahesabu gari lingetoa ngapi katika hali ya kawaida iliyokubaliwa. Kanuni iitwayo SAE J1349 hutumia nyuzi 25. Kanuni ya zamani inayoandikwa STD hutumia hewa baridi zaidi na nzito zaidi, na hutoa namba kubwa kwa karibu asilimia 4. Gari halijabadilika, kilichobadilika ni kitufe. Kwenye injini ya turbo kuna mtego mwingine: hewa ikiwa nyepesi, kama sehemu za mwinuko, westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo) hufunga zaidi na turbo hujazia pengo lenyewe, ilhali programu inaongeza fidia kana kwamba injini haina turbo. Unapata farasi wa kwenye karatasi. Mimi huomba nakala mbili, iliyosahihishwa na isiyosahihishwa.

Na usikubali raundi moja. Tatu, mfululizo. Baada ya kuziba ule uvujaji, raundi yangu ya kwanza ilikuwa 111, ya pili 107, ya tatu 104, na hapo ndipo nilipojua kifaa cha kununua. Glanza ina intakula iliyokaa juu ya injini, inayopata hewa kupitia tundu la boneti. Gari likisimama, intakula hiyo inaota moto wa injini iliyo chini yake. Feni ya daino hata iwe kubwa namna gani haifanani na upepo wa barabarani, kwa hiyo nusu ya upungufu ule ilikuwa ni ya mazingira. Nusu nyingine ilikuwa halisi. Nikanunua intakula ya mbele, ndiyo sehemu pekee ya mradi huu niliyoinunua nikiwa na sababu mkononi.

Baada ya hapo ndipo tukagusa busti, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine. Kuongeza busti ni rahisi, kunahitaji bisibisi na dakika tano. Ndiyo sababu watu wanaua injini. Kompyuta ya kiwandani hukata mafuta busti ikipita kikomo chake, gari linajikwaa kama limegonga ukuta, na yuko mtu atakayekuuzia kidude cha kuifumba macho kompyuta hiyo isione. Usikinunue peke yake. Kikomo kile ndicho kinachokuzuia kusukuma hewa ambayo nozeli zako, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, haziwezi kuilisha.

Petroli huungua yote kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Injini ya turbo ikibanwa sawasawa huhitaji mafuta zaidi ya hapo, tuseme kati ya 11.5 na 12, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba cha kuchomea. Ukiona geji ya uwiano inapanda kuelekea 13 huku busti imejaa, toa mguu, usisubiri raundi imalizike. Geji hiyo iwe ya sensa ya masafa mapana, sensa ya oksijeni ya kawaida ya gari inajua tu "juu ya 14.7" na "chini ya 14.7", haikwambii uko mbali kiasi gani. Na sikiliza mlio wa injini kugonga, ule wa vijiwe ndani ya kopo. Hapo mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya mwali wa plagi kuufikia, na pistoni haivumilii hivyo kwa muda mrefu.

Sisi tulifunga nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta mpya na kompyuta inayoweza kupangwa. Plagi tulipunguza mwanya hadi milimita 0.7, maana hewa ikibanwa sana cheche hushindwa kuruka. Fundi alipanga mafuta kwanza kwa busti ya chini, kisha muda wa cheche, akiongeza nyuzi moja moja (za mzunguko wa injini, si za joto) na kuacha pale torki ilipokoma kupanda. Busti ilikuja mwisho: baa 0.6, 0.7, 0.8. Saa nne nzima, nyingi kati ya hizo tukiwa tumekaa tunasubiri gari lipoe. Ukiona mtu anapanga gari lako kwa dakika arobaini, hajalipanga, amelibandikia ramani, yaani mipangilio ya kompyuta, ya gari jingine.

Tulifika 134 kwenye matairi, na safari hii raundi ya tatu ilipungua farasi mbili tu.

Tulijaribu 0.9 mara moja. Kwenye skrini mizunguko ikaruka kutoka 4,000 hadi karibu 5,000 huku kasi ya rola ikibaki pale pale, mstari wa torki ukawa na meno kama msumeno, na harufu ikajaa chumbani. Klachi. Fundi akarudisha busti 0.8, akaandika tarehe kwa kalamu juu ya karatasi, akaniuliza kama nataka aifute raundi ile ya mwisho kwenye kompyuta. Nikamwambia aiache. Nitaihitaji nikirudi na klachi mpya.